Vibati Saba vya Mikwaju ya Magoma

Asubuhi moja haijanitoka mpaka leo, mwanangu, na nitakusimulia ilivyokuwa bila kujipendelea. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilifanya kazi kwenye studio ya picha pale Korogwe mjini, kazi ya kuwaweka watu sawa mbele ya pazia la bluu: inua kidevu, shusha bega, usifumbe macho. Picha za vitambulisho, picha za kipaimara, picha za maharusi waliokaa wima kama wameshtakiwa. Siku sita za wiki nilipiga nyuso za watu. Siku ya saba nilitembea porini na milimani kupiga nyuso za miti.

Nasema nyuso kwa sababu sikuwa napiga mti mzima. Nilikuwa napiga gome tu, kwa karibu, mpaka usiweze kujua kama unatazama mti au mto uliokauka. Leo naona vijana mnapanda vilima vya Handeni mkiwa na simu, mnanitumia picha za namna hiyohiyo, na moyo wangu unafurahi. Wakati ule nilikuwa peke yangu na watu waliniona nina kasoro. Nilikuwa na kamera ya studio, na mkanda mmoja wa picha thelathini na sita ulinitosha mwezi mzima. Kwa hiyo kila picha niliifikiria kabla ya kubonyeza.

Ngoja nikueleze jambo la kazi kidogo, maana bila hilo hutaelewa kosa langu. Gome la mti ukilipiga jua likiwa utosini, linatoka bapa kama ukuta wa udongo. Lakini asubuhi, jua likiwa bado chini, mwanga unalipiga kutoka ubavuni. Kila ufa unaingia kivuli, kila kigongo kinang'aa, na gome linainuka kwenye picha kama vile unaweza kulishika. Basi mimi nilikuwa mtumwa wa mwanga huo. Nilikuwa na nusu saa tu ya kuupata, na katika nusu saa hiyo sikutaka kitu chochote kiniharibie mistari.

Jumamosi moja, baada ya kazi, nilikwenda Magoma na binamu yangu Yohana, yeye akiendesha baiskeli, mimi nimepakiwa nyuma. Tulilala kwa shangazi yetu, ambaye alikaa Magoma miaka mingi na angeniambia kila kitu kama ningemuuliza. Alituuliza tunakwenda wapi kesho. Nikamjibu, "Tunatembea tu, shangazi." Ndiyo hivyo. Mtu mwenye majibu yangu yote alinipakulia ugali, nikala, nikalala.

Asubuhi tukapita kwenye shamba la mkonge lililoachwa. Mwishoni mwa shamba kulikuwa na mfereji wa zamani uliokufa, na kando ya mfereji miti ya kila aina, mingine michanga, mingine imekatwa ikabaki visiki. Katikati ya hiyo nikaona mikwaju mikubwa saba. Mwanangu, sijawahi kuona magome kama yale. Yalikuwa yamepasuka vipande vidogo vya pembe nne, vyeusi, vimepangana kama ngozi ya mgongo wa mamba. Nilishuka kwenye baiskeli kabla haijasimama.

"Dada Felista, taratibu," Yohana akasema. "Hao hawakimbii. Wamekaa pozi tangu enzi za Mjerumani."

"Nyamaza, jua linapanda."

"Waambie basi wasifumbe macho."

Nikasogea mti wa kwanza. Usawa wa kifua, pale hasa ambapo mistari ilikuwa mizuri kuliko kwingine, kulikuwa na kibati kinene, kipana kama kizibo cha chupa, kimepigiliwa kwa msumari. Gome lilikuwa limeanza kukimeza. Limekizunguka kwa mdomo mnene kama mdomo wa mtoto anayenyonya. Kwenye kibati kulikuwa na tarakimu zilizogongwa. Nikaona ni takataka. Nikadhani ni hesabu za wapima ardhi, au alama za watu wa mbao, sijui. Ninachokijua ni kwamba kilikuwa kinameta juani na kuniharibia picha.

"Nipe bisibisi," nikamwambia Yohana.

"Ya baiskeli? Ya nini?"

"Lete tu."

Nikaking'oa. Haikuwa rahisi, ilibidi nichokonoe lile gome la pembeni. Nikapangusa vumbi, nikasogeza kamera pembeni kidogo ili shimo jipya lisionekane, nikapiga. Nikaenda mti wa pili, nao ulikuwa na chake. Yote saba ilikuwa navyo. Nikaving'oa vyote saba, kimoja baada ya kingine, nikavitumbukiza kwenye mfuko wa pembeni wa begi la kamera. Sikuvitupa, maana niliwaza huenda vikafaa kwa kitu. Kila mti niliusafisha kwanza ndipo nikaupiga, kwa sababu mkanda ulikuwa haba na sikutaka kupoteza hata picha moja kwa uchafu. Nimekesha na maneno hayo mara nyingi sana tangu siku ile. Ningeviacha, ningepoteza picha saba tu.

Picha zilitoka nzuri. Mwenye studio mwenyewe alizitazama moja moja, akaniambia, "Hizi sijui utamuuzia nani, lakini ni nzuri." Nilitembea juu ya mawingu wiki nzima. Na baada ya wiki tatu nikamshawishi Yohana turudi Magoma, safari hii nijaribu mwanga wa jioni. Nilibeba picha saba zilizosafishwa kwa ukubwa, ili nilinganishe na miti yenyewe. Vibati bado vilikuwa kwenye begi. Vililia kila baiskeli iliporuka shimo.

Tulipofika kwenye mfereji tukakuta watu watatu. Mmoja alikuwa bibi mzee sana, amejitanda kanga, macho yake yameingia ukungu mweupe. Wa pili alikuwa binti yake, mwanamke wa makamo waliyemwita Mama Asha. Wa tatu alikuwa mzee mrefu mwenye koti zito lisilofaa kwa joto la Korogwe, ameshika kitambaa cheupe kilichokunjwa. Yule bibi alikuwa amesimama mbele ya mkwaju, viganja vyote viwili juu ya gome, anapapasa juu na chini, polepole, kama mtu anayemtafuta mtoto kitandani gizani.

"Huyo anachimba dawa," Yohana akaninong'oneza. Kisha akamtazama vizuri, akagundua kwamba haoni.

"Shikamoo bibi," nikasema.

"Marahaba. Sauti za watoto hizo. Nyie wa hapa hapa?"

"Hapana bibi, wa Korogwe mjini."

"Basi niazimeni macho, wajukuu zangu. Natafuta kibati. Kiko usawa wa kifua, kina namba. Nimepapasa mti huu, nimepapasa na ule, nakuta shimo tu. Kila mti shimo. Labda nimepotea mfereji."

"Hujapotea, mama," Mama Asha akasema kwa uchovu. "Mfereji ndio huu."

Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, mwanangu, na la pili lilikuwa baya zaidi, kwa sababu la kwanza nililifanya kwa kutojua. Nilisema, "Haya bibi, tutafute." Nikatafuta nao. Nilizunguka miti ile, nikainama kwenye majani, nikainua magogo, na begi langu likilia begani. Yohana alinikodolea macho. Nikamkwepa.

Wakati tunatafuta, bibi akawa anazungumza, na ndipo nikajua nilichokuwa nimefanya. Aliitwa Bibi Mwanahawa, Mzigua wa Kwedizinga. Katika ujana wake aliolewa na kijana wa Songea aliyeitwa Kasiani, aliyeletwa kukata mkonge kwa mkataba, wale waliokuwa wakiitwa manamba. Kila kibarua alikuwa na kibati chenye namba yake, alichotumia kuchukulia zana asubuhi. Aliyefia shambani na asiye na ndugu wa kumrudisha kwao alizikwa kando ya mfereji, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na uwezo wa saruji, wenzake walipigilia kibati chake kwenye mti uliokuwa kichwani pake. Makaburi yenyewe yalikuwa yameshasawazika na ardhi zamani. Ng'ombe walipita, matrekta yakapita, vichaka vikaota. Kuhesabu miti nako hakukufaa, maana mingine ilikatwa na mingine iliota. Kilichobaki ni vibati. Bibi Mwanahawa hakujua kusoma, na sasa hakuwa anaona, lakini kila mwaka baada ya mavuno alikuja kutoka Kwedizinga, akapapasa mti mmoja hadi mwingine, mpaka vidole vyake vikakutana na nne, moja, na saba. Hapo alikaa, akafagia, akamwambia mume wake habari za mwaka.

"Na mwaka huu nimekuja na mgeni," akasema, akiwa amegeuka kuelekea mahali alipodhani yule mzee amesimama. "Shemeji yangu Longino. Mdogo wake Kasiani. Tumetafutana miaka yote hii. Amekuja kuchukua udongo wa ndugu yake aupeleke kwao."

Mzee Longino akaitikia kwa kichwa. Nikakitazama kile kitambaa cheupe mkononi mwake.

Bibi akaingiza kidole kwenye shimo moja, akakizungusha. "Shimo hili bado bichi," akasema. "Halina miezi. Kuna mtu ameving'oa juzi juzi."

Yohana akaniita jina langu tu. "Felista."

Nikafungua begi. Nikapiga magoti, nikavimimina vyote saba mapajani mwa bibi, maana alikuwa ameketi chini ya mti kupumzika. Alivishika. Alivipapasa kimoja kimoja kwa kidole gumba, midomo yake ikitembea. Cha tano akakikumbatia kifuani.

"Huyu hapa! Shemeji, huyu hapa Kasiani!" Alicheka, mwanangu. Alicheka kwa furaha kabisa, kama mtu aliyeona mgeni wake akishuka kwenye basi. Kisha akanigeuzia uso. "Ahsante, mjukuu wangu. Sasa niambie, huyu umemtoa mti upi?"

Nikasema, "Sijui, bibi."

Akangoja. Alifikiri nitaongeza neno.

"Nilivichanganya mfukoni. Sijui kipi ni cha mti upi."

Mama Asha akashika kichwa. "Wee mtoto! Uliving'oa vya nini? Ulitaka ukauze vyuma chakavu?"

"Alikuwa anapiga picha," Yohana akasema kwa sauti ndogo. Mzaha wote ulikuwa umemwisha.

"Picha ya nini? Ya misumari?"

Nikakumbuka zile picha saba, na kwa ujinga wa mtu anayezama nikadhani zitaniokoa. Nikazitandaza chini. Nikakimbia nazo toka mti hadi mti. Niliweza kusema picha hii ni ya mti huu, na hii ni ya ule, bila kukosea hata moja. Lakini hakuna picha hata moja iliyokuwa na namba. Nilikuwa nimezisafisha vizuri mno. Tukajaribu kulinganisha misumari na mashimo. Misumari yote ilikuwa ya aina moja, na mashimo niliyatanua mwenyewe kwa bisibisi.

Bibi akaomba apewe picha moja. Akaiweka kwenye mapaja yake, akapitisha kiganja juu yake, kutoka ncha hadi ncha. Akarudia.

"Laini," akasema. "Ulikuwa unatafuta nini kwenye miti hii, mjukuu wangu?"

"Uzuri, bibi. Ile mistari ya gome."

"Na hiki hakikuwa kizuri?" Akainua kibati.

Nikainama, nikaanza kuzikusanya picha zangu.

Mama Asha alipata wazo. "Baba mdogo, chukua udongo kidogo kila mti. Katika saba hakosi kuwemo."

Mzee Longino ndipo aliposema kwa mara ya kwanza, na hakupaza sauti. "Mama yetu alikufa anamuulizia. Tulimzika, tukaacha nafasi kando yake kwa ajili ya Kasiani. Nikipeleka udongo wa watu saba, nitamwambia nani ni mwanawe? Na hao sita wengine, mama zao wakiwatafuta?" Akakunja kile kitambaa mara nyingine, ingawa kilikuwa kimekunjwa tayari. "Nimesafiri siku tatu kuja kumchukua kaka yangu. Sasa nitarudi na bati."

Hata bati lenyewe, mwanangu, lilikuwa moja, na wao walikuwa wawili. Mama Asha akaanza kusema kwamba mama yake naye anakihitaji, kwamba hana kumbukumbu nyingine ya mume wake, hana cheti, hana picha. Bibi akamkata.

"Achukue. Mimi nimekaa na Kasiani miaka yote hii, nimemfagilia, nimemsimulia. Yeye hajawahi kuwa na kitu. Achukue, shemeji aende nacho."

Akakitoa kifuani kwake mwenyewe, akakiweka kwenye kile kitambaa cheupe, akakifunga fundo kwa kupapasa. Walipoondoka, Mama Asha akimshika mkono, bibi hakuaga mti wowote. Alisimama kidogo, akageuza uso huku na huku, kama mtu aliyeingia kwenye nyumba yenye milango mingi na hajui abishe upi. Kisha akaenda.

Nilirudi Korogwe nikamweleza baba yangu. Lazima ujue kwamba babu yangu naye alikuwa manamba. Nyumbani tulijua hivyo kwa kunong'ona tu, kwa sababu shuleni kuitwa mtoto wa manamba lilikuwa tusi la kupigania, na baba hakutaka neno hilo mezani kwake. Nilimuuliza, "Baba, ulikuwa unavijua hivyo vibati?" Akasema, "Babu yako alikuwa nacho. Alipokufa, nilikitupa chooni. Sikutaka wewe na ndugu zako mkione." Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Tulikaa pale wawili, mimi na yeye, na kila mmoja alijua mwenzake amefanya nini.

Nilimtembelea Bibi Mwanahawa Kwedizinga mara kadhaa. Alinipokea, alinipa uji, aliniita mjukuu. Mwaka uliofuata baada ya mavuno nilimwambia nitamsindikiza Magoma, nitalipa basi, nitambeba mgongoni ikibidi. Akanishika mkono. "Nikifika nitaketi wapi?" akaniuliza. "Nitamwambia nani habari za mwaka?" Hakwenda tena. Aliwahi kumwomba Mama Asha kwamba akifa azikwe kando ya mume wake. Ombi hilo alilifuta mwenyewe, bila kulalamika, na alipofariki alizikwa Kwedizinga kwenye makaburi ya ukoo wake. Nilikuwepo. Nilitupa udongo wangu kama wengine, na nilijua hapakuwa mahali alipotaka kulala.

Vile vibati sita nilivipigilia kwenye ubao, nikausimika kando ya mfereji, nikaandika kwamba wenye namba hizi wamelala mahali hapa, na kwamba mimi ndiye niliyevitoa kwenye miti. Nikaandika na namba ya Kasiani. Ubao nimeshaubadilisha mara tatu kwa sababu ya mchwa. Waliowahi kuja kuulizia ni familia moja tu. Niliwaeleza kwa mdomo wangu mwenyewe. Kijana wao alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali lilelile la bibi, "Mti upi?" Nami nikampa jibu lilelile.

Sasa nikuambie kwa nini nimekuchosha na haya. Jana uliniletea picha ya mvule, nzuri sana, na ukaniambia kwa fahari kwamba ulikwangua kwanza ukoko na kung'oa kitambaa chekundu kilichokuwa kimefungwa kwenye shina. Mwanangu, rudi ukakifunge kitambaa hicho leo hii, wakati bado unakumbuka ni mti upi na kilifungwa wapi. Kisha uende kwenye nyumba iliyo karibu, upige hodi, uwasalimie wazee, uwaulize ni cha nani. Huenda ni mchezo wa watoto. Kama ni hivyo mtacheka pamoja na utapewa maji ya kunywa. Lakini uulize.

Sikukatazi kutembea. Tembea sana, amka mapema, ufukuzie ule mwanga wa ubavuni. Una jicho zuri kuliko nililokuwa nalo mimi, na nasema hivyo kwa ukweli. Ila uuchukue mti ulivyoukuta, pamoja na msumari wake, pamoja na kinachokuudhi. Mkono uwe kwenye kamera, usiwe kwenye gome. Andika umepiga wapi na mti upi. Na ukishakosea, maana utakosea, sema palepale. Ile nusu saa niliyojifanya natafuta ilimpa bibi yule tumaini la uongo, na hilo nalijutia kuliko bisibisi. Tena uanzie nyumbani. Waulize wazazi wako mambo wanayoyaonea haya, kwa upole, wakiwa hai. Kama baba angeniambia nilipokuwa mdogo kile kibati ni nini, ningekitambua pale mtini, ningevua kofia, ningepita.

Haya, nenda mwanangu, jua lisikuache. Mungu akulinde na miiba na nyoka wa njiani, akupe miguu ya kufika na ulimi wa kuuliza. Kazi ya mikono yako izae matunda mema. Na siku utakapowatafuta watu wako, popote walipolala, akujalie uwakute.